Zimebaki pointi 13 nifike 2000. Je, niache?

Swali: Shikamoo kocha. Mimi ni mwalimu wa hisabati, nafundisha sekondari hapa Tabora mjini, na nina miaka 36. Sataranji nilijifunza kwenye simu mwaka 2020. Nikajiwekea lengo: kabla sijatimiza miaka 35 niwe nimefika reitingi (namba ya kupima nguvu ya mchezaji) 2000 ya michezo ya dakika kumi kwenye Lichess, mtandao wa kuchezea sataranji. Nilifika 1987, nikashindwa kuvuka. Tangu hapo nimeshuka hadi 1870, nikapanda, nikashuka tena. Nacheza watoto wakishalala, mara nyingine hadi saa nane usiku, na mama watoto ameshachoka kusema. Nikishinda sifurahi, naona tu nimepunguza deni. Nikishindwa silali. Nataka kuacha, lakini rafiki yangu wa Dar anasema mtu haachi akiwa amebakiza pointi 13, niiguse 2000 kwanza ndipo niache kwa heshima. Tena nina klabu ndogo ya wanafunzi, naona aibu kuwaambia. Niache? Na nikiacha, nifute akaunti?

Jibu: Marahaba, Mwalimu. Ndiyo, acha. Acha kuifukuza 2000, uiache ukiwa hapo hapo ulipo, na usijaribu kuigusa kwanza. Rafiki yako wa Dar anakutakia mema, sina shaka, ila ushauri wake ndio utakaokukesheza mwaka mwingine mzima. Kuhusu kuuacha mchezo wenyewe nitafika huko baadaye, kwa sababu hilo ni jambo jingine na barua yako imeyafunga mawili hayo pamoja.

Tuanze na hizo pointi 13, maana kwa fani yako utanielewa haraka kuliko wengi. Kanuni ya matarajio ya mfumo wa reitingi wa Elo unaweza kuiandika ubaoni kesho asubuhi: chukua tofauti ya reitingi za wachezaji wawili, igawe kwa 400, jibu lifanye kipeo cha 10, ujumlishe 1, kisha 1 uigawe kwa jumla hiyo. Utapata sehemu ya alama (ushindi ni alama 1, sare ni nusu) anayotarajiwa kuvuna yule wa chini. Weka tofauti ya 200: wa chini anatarajiwa kupata alama 24 katika michezo 100. Weka 100: anapata 36. Sasa weka 13 zako. Wa chini anapata 48, wa juu 52.

Ndivyo ilivyo. Mtu wa 1987 na mtu wa 2000 wakicheza kila Jumamosi mwaka mzima, matarajio ni mmoja apate alama 27 na mwingine 25, na hata hizo zinaweza kugeuka kwa sababu ya malaria ya wiki moja. Hakuna kocha anayeweza kukaa pembeni ya ubao, akatazama michezo yao, akakuambia yupi ni yupi. Mimi siwezi. Lichess hutumia mfumo wa Glicko-2, uliotungwa na mtakwimu wa Marekani, Mark Glickman, na si fomula ya Elo yenyewe, lakini kwa mchezaji anayecheza mara kwa mara kama wewe hesabu inakuja karibu ileile.

Sasa angalia upande wa pili wa hesabu hiyo, ambao naona ndio muhimu zaidi. Ukimshinda mtu wa kiwango chako pale Lichess, na akaunti yako imeshatulia, unapata pointi tano au sita hivi. Kwa hiyo siku ile uliyofika 1987 ulihitaji ushindi wa mara tatu mfululizo. Mchezaji ambaye nguvu yake halisi ni 1940 hupata ushindi wa mara tatu mfululizo mara nyingi sana. Akicheza michezo mingi vya kutosha, namba yake itatembea juu na chini ya 1940 hiyo, na ipo siku itagusa 2000 bila yeye kuongeza ujuzi wowote. Halafu itarudi. Ndiyo maana kilele cha mtu yeyote kwenye mtandao huwa kirefu kuliko nguvu yake: kilele ni ile siku bahati ilipokaa upande wake. Kama usiku ule mpinzani wako wa tatu angekatikiwa na umeme, leo ungekuwa "mtu wa 2000", ukicheza sataranji ileile unayocheza sasa, na makosa yaleyale kwenye mwisho wa ngome, yaani pale ubaoni wanapobaki wafalme, ngome na askari tu.

Arpad Elo, aliyebuni mfumo huo wa Elo, alikuwa mzaliwa wa Hungaria aliyefundisha fizikia chuo kikuu huko Milwaukee, Marekani. Shirikisho la Marekani liliupokea mfumo wake mwaka 1960, na FIDE, shirikisho la dunia, ikaufuata mwaka 1970. Yeye mwenyewe hakuwahi kuitukuza namba yake. Aliwahi kusema kwamba kupima nguvu ya mchezaji ni sawa na kupima mahali kilipo kizibo kinachopanda na kushuka juu ya maji, ukitumia rula iliyofungwa kwenye kamba inayoyumba kwa upepo. Mtu aliyeitengeneza rula ndiye aliyesema hivyo, Mwalimu. Wewe umekaa miaka ukikipigia kelele kizibo.

Na rula yenyewe hubadilishwa na watu ofisini. Mwezi Machi 2024 FIDE iliona reitingi za chini zimeshuka kuliko inavyostahili, ikapandisha kiwango cha chini kabisa kutoka 1000 hadi 1400, na kila aliyekuwa chini ya 2000 akaongezewa asilimia 40 ya pengo lake hadi 2000. Aliyekuwa 1500 akawa 1700. Aliyekuwa 1800 akawa 1880. Hawakusogeza hata askari mmoja. Sisemi walikosea, nadhani marekebisho yale yalihitajika. Nasema tu kwamba mtu akining'iniza usingizi wake na amani ya nyumba yake kwenye namba, ajue namba hiyo inakaa wapi.

Jambo jingine ambalo rafiki yako hakukuambia: 2000 ya Lichess na 2000 ya FIDE ni vitu viwili. Lichess humwanzisha kila mgeni kwenye 1500, ina wachezaji wake na mfumo wake, na namba zake kwa kawaida husoma juu kuliko za ubao wa mashindano. Ukihamia Chess.com utakuta namba nyingine tena. Siidharau kazi yako kwa kusema hivi. Mtu aliyeanza akiwa mtu mzima, mwenye kazi na watoto, akafika 1900 na ushee kwa simu ya mkononi, amefanya kazi kubwa, na watu wengi wanaoanza hawafiki hapo. Ninachokataa ni ile heshima anayoizungumzia rafiki yako, kwamba ipo mlangoni pa 2000 na haipo 1987.

Na huko juu kabisa nako ni hivyohivyo. Magnus Carlsen wa Norway, bingwa wa dunia wa wakati huo, alifika 2882 mwezi Mei 2014, reitingi kubwa kuliko zote katika historia ya mchezo. Mwishoni mwa 2021, baada ya kulitetea taji lake kwa mara nyingine, alisema sasa anachotaka ni 2900. Zilikuwa pointi 18 tu juu ya kilele chake. Hajazipata. Piga hesabu uone kwa nini: mtu wa 2880 akikaa na mtu wa 2700, anatarajiwa kupata karibu alama 74 katika 100, na kwa mgawo wa 10 (namba inayozidishwa kwa tofauti ya matokeo na matarajio) unaotumika kwa wachezaji wa ngazi ile, sare moja inamnyang'anya pointi mbili na zaidi, wakati ushindi unampa mbili na nusu hivi. Anapaswa kumshinda mmoja wa wachezaji wakali wa dunia hii ili kufidia sare moja na mkali mwingine. Mwaka 2022 Carlsen alitangaza hatalitetea tena taji la dunia, na hakulitetea, lakini kucheza hakuacha. Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa zamani, alifanya kinyume: mwezi Machi 2005 aliondoka kabisa kwenye mashindano ya kulipwa, akiwa bado namba moja duniani kwa reitingi. Hakungoja pointi yoyote. Wawili hao walichagua tofauti, na sijasikia mtu mwenye akili timamu akimwita yeyote kati yao mwoga.

Sasa nirudi kwenye sentensi yako moja iliyonigusa kuliko zote: nikishinda naona nimepunguza deni. Nataka ujue kwamba hisia hiyo haikutoka kwako peke yako. Imejengwa ndani ya utaratibu wenyewe. Mtandao hukupangia mtu wa kiwango chako. Ukipanda, na wapinzani wanapanda. Kwa hiyo ulipokuwa 1500 ulishinda karibu nusu ya michezo yako, ulipokuwa 1700 nusu, na ukifika 2100 utashinda nusu. Mtu anayejifunza useremala anaona meza yake ya leo imenyooka kuliko ya mwaka jana. Wewe kila usiku unaona kitu kilekile: ushindi, kushindwa, ushindi, kushindwa. Ujuzi umeongezeka kweli, ila umefichwa, na kitu pekee kilichobaki kukuonyesha maendeleo ni namba. Mtu akikaa hivyo kwa miaka, namba inameza kila kitu, na ushindi unageuka kuwa malipo ya deni ambalo hakuna aliyekukopesha.

Pale Tabora unajua wazee wanaocheza drafti chini ya miembe, visoda upande huu na upande ule, na watazamaji kumi wanaoelekeza bila kuombwa. Hakuna mwenye reitingi pale. Lakini kila mtu anajua nani mkali, nani anabahatisha, na nani hupaswi kumwachia kona. Anayeshindwa anainuka, anampisha mwingine, anasimama nyuma kutazama, na kusimama kule nyuma ndiko kunakompoza. Kwenye simu hakuna wa kumpisha. Kitufe cha mchezo mpya kinakuja kabla moyo haujatulia, na saa saba usiku aliyeshindwa mara mbili anacheza mchezo wa tatu kwa hasira, anapoteza pointi tano au sita nyingine, halafu wa nne. Naamini sehemu kubwa ya safari yako ya kutoka 1987 hadi 1870 ilifanyika baada ya saa sita usiku. Fungua historia ya michezo yako uangalie saa, mtandao umeiandika.

Kwa hiyo unaacha nini hasa?

Lengo, liache moja kwa moja. Usilipunguze kuwa 1950, usilisogezee tarehe. Lengo la namba lilikufaa mwanzoni, wakati kila mwezi ulikuwa unajifunza kitu kipya na namba ikifuata nyuma. Limekwisha kazi. Na tarehe uliyojiwekea, miaka 35, imeshapita. Mkataba ule umekwisha wenyewe.

Kucheza usiku, kuache pia, na hili nalisema kwa nguvu zaidi kuliko yote. Mama watoto ameshachoka kusema, ndivyo ulivyoandika. Mtu aliyechoka kusema hajaridhika; amekata tamaa ya kusikilizwa. Mwambie leo, kwa maneno, kwamba umeacha. Usimwachie agundue mwenyewe baada ya wiki tatu. Ukimwambia utakuwa umefunga mlango wa nyuma pia, maana ahadi uliyojipa kimyakimya kila mara umekuwa ukiivunja mbele ya skrini.

Mchezo wenyewe, hapo sitakuamulia. Ushauri wangu ni upumzike kabisa kwa muhula mzima. Ondoa programu kwenye simu. Usitatue mafumbo, usitazame video za mashindano, usipitie ufunguzi "kidogo tu". Mwisho wa muhula jiulize kama kuna kitu umekikosa, na kitu hicho ni kipi. Kama ulichokikosa ni ile raha ya kuona hatua nzuri kabla mpinzani hajaiona, rudi. Mchezo bado ni wako. Kama umekosa tu kujua namba yako ingekuwa ngapi leo, basi usirudi, na usijilaumu. Wapo watu waliocheza sataranji miaka mitano ya maisha yao, wakaiacha, na miaka ile haikupotea.

Usiogope kwamba utasahau. Kasi ya kuhesabu hatua hushuka, hiyo ni kweli, na siku utakaporudi utaacha farasi aliwe bure mara moja au mbili. Lakini umbo la ubao, namna ya kusukuma askari huru, mahali pa kuweka ngome, haviondoki hivyo. Kuna jambo la Glicko ambalo nataka ulijue mapema ili lisikuteke: ukikaa muda mrefu bila kucheza, mfumo unapunguza imani yake juu ya namba yako, mwishowe unaiwekea alama ya kuuliza, na michezo yako ya kwanza baada ya kurudi inakupandisha au kukushusha kwa hatua kubwa kuliko zamani. Inawezekana kabisa ukarudi, ukashinda michezo michache, ukajikuta umevuka 2000 bila jasho. Ikitokea, cheka, fungua mlango uende kwenye shughuli zako. Isikuanzishe upya.

Na ukirudi, rudi kwa njia nyingine. Kwenye mipangilio ya Lichess unaweza kuzima reitingi zisionekane kabisa, yako na ya mpinzani. Unaweza kucheza michezo isiyohesabiwa. Unaweza kucheza ile ya barua, ambapo kila mmoja ana siku kadhaa za kufikiri hatua moja. Inamfaa sana mtu mwenye kazi, na bando linadumu. Bora kuliko vyote, kaa ubaoni na mtu wa kweli, Jumamosi mchana, chai ipo mezani. Kama siku moja utataka kujipima kwenye mashindano ya FIDE, panga safari, nenda, cheza, na uichukulie namba watakayokupa kama risiti ya wikiendi ile.

Wanafunzi wako. Hapa sikubaliani na aibu yako hata kidogo. Waambie ukweli ulivyo: nilitaka kufika 2000, nilifika 1987, nimeamua kuacha kuitafuta kwa sababu ilikuwa inachukua usingizi wangu na muda wa watoto wangu. Mtoto wa kidato cha pili anaelewa hilo. Na tayari anaona mambo kuliko unavyodhani. Kama mwalimu anakuja kipindi cha kwanza macho mekundu, klabu nzima inajua alishindwa jana usiku. Waonyeshe na ile hesabu ya 13, ni zoezi zuri la vipeo.

Halafu angalia usiwahamishie ugonjwa. Watoto hupenda namba kuliko sisi, na namba zao hurukaruka zaidi: FIDE humpa aliye chini ya miaka 18 mgawo wa 40, mara mbili ya ule wa mtu mzima wa kawaida, mradi hajafika 2300, kwa sababu mtoto hubadilika haraka. Mtoto aliyeambiwa afike 1600 kabla ya likizo atakimbia kucheza na wanyonge tu, au ataogopa kucheza kabisa asije akashuka. Wape malengo ambayo yapo mikononi mwao. Ajue kumfunga mfalme kwa mfalme na ngome bila kuhesabu vidole. Ajue mkao wa Lucena, ambapo mwenye askari anajenga daraja kwa ngome yake na kushinda, na mkao wa Philidor, ambapo mnyonge anaikalisha ngome yake mstari wa tatu na kupata sare. Haya mtoto anaweza kuyaonyesha ubaoni leo, na akishayajua hakuna mtandao utakaomnyang'anya akilala.

Akaunti usiifute. Ukiifunga, jina lile halitasajiliwa tena, na hasira ya usiku mmoja si sababu nzuri ya kufanya uamuzi wa namna hiyo. Toka tu, na nywila mwachie mama watoto aitunze. Kabla hujatoka pakua michezo yako yote. Lichess inakuruhusu kuichukua yote katika faili moja. Humo ndani kuna michezo uliyopoteza mwisho wa ngome ukiwa umezidi askari mmoja, nina hakika nayo kwa sababu kila mchezaji wa 1900 anayo. Chagua sita au saba, ondoa majina, uwape klabu muhula ujao wakutafutie hatua iliyoharibu.